Sura ya Saba: Kishikwambi Kinapokwama Njiani

Katika vyombo ambavyo zama zetu zimevitia mikononi mwa watu, ni vichache vinavyotia wahaka kama kishikwambi kinachobonyezwa kitufe chake kikawaka nusu: nembo ya kiwanda ikatokea, ikakaa, kisha isifuatwe na kitu. Kingekufa kabisa, mwenyewe angeikubali kadari, akakitia mkobani na kukipeleka kwa fundi. Lakini kwa kuwa chaonyesha uhai na papo hapo chakataa kazi, humtia katika majaribio ya pupa, akabonyeza kila kitufe, akachomeka kila chaja iliyomo nyumbani, na mwisho, kwa nasaha ya mpita njia, akaridhia kifutwe chote, ilhali ila yenyewe huenda ilikuwa vumbi lililoshindiliwa katika tundu la chaji. Sura hii yakusudia kumpa msomaji utaratibu wa kumwepusha na hasara ya namna hiyo, na msingi wake waweza kusemwa kwa maneno machache: mahali kinapokwama ndipo panapoeleza maradhi yake, na tiba isiyo na marejeo hutumiwa baada ya nyingine zote kushindwa.

Jambo hili lilikuwa zamani shida ya wachache. Steve Jobs alipoizindua iPad ya kwanza mjini San Francisco, Januari 2010, wengi wa Afrika Mashariki waliisikia kama habari ya anasa ya ng'ambo. Haukupita muda mrefu anasa hiyo ikawa zana ya kazi. Kenya iliendesha Sensa yake ya 2019 kwa vishikwambi, baada ya serikali yake kuanza mwaka 2016 kuvipeleka katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Nao makarani wa Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 walihesabu watu kwa vyombo hivyo hivyo, ambavyo baada ya Sensa viligawiwa walimu. Kwa hiyo kishikwambi kikikwama leo, hukwama pamoja na maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, hesabu za duka, na picha za arusi na za marehemu ambazo pengine hazina nakala mahali pengine popote.

Mtu hawezi kujua chombo kimekwama wapi asipojua kilikuwa kikielekea wapi. Kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa, umeme wa betri hupita kwanza katika chipu inayogawa nguvu, nayo huiamsha prosesa. Prosesa, ambayo wakati huo haijui lolote, husoma maagizo machache iliyotiwa kiwandani, yasiyofutika wala kubadilika. Maagizo hayo huita programu ndogo ya kuwashia. Programu hiyo huonyesha nembo, kisha huita kiini cha mfumo endeshi, ambacho kwa vishikwambi vya Android ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Kiini huamsha kioo, sauti, hifadhi na mitambo ya mawasiliano. Na mwisho mfumo wenyewe hupanda, ukitanguliwa na picha yake inayochezacheza, mpaka uso wa mwanzo utokee na programu za mwenye chombo zijipange mahali pake.

Katika mlolongo huu kila mmoja humkagua anayemfuata kabla ya kumkabidhi kazi, akitazama kama muhuri wake wa kiwanda haukuchezewa. Wanazuoni wa hadithi watalifahamu jambo hili upesi, kwani nao hawaikubali matini mpaka wameipima sanadi, nani kapokea kwa nani, na mpokezi mmoja aliye dhaifu huidhoofisha riwaya nzima. Faida ya kuujua mlolongo ni kwamba kila hatua iliyopitwa salama ni shahidi: aliyeiona nembo hana haja tena ya kuishuku betri iliyokauka, na aliyeufikia uso wa mwanzo hana haja ya kuishuku programu ya kuwashia. Basi vituo vya kukwamia ni vinne, na kila kimoja kina tiba zake.

Kituo cha kwanza ni kiza kitupu: kitufe chabonyezwa na hakuna nembo, hakuna mwanga, hakuna mtetemo. Wengi hukata shauri hapa kwamba chombo kimekufa, na aghalabu hukosea kwa moja ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kudhani kwamba kioo kilichozimika ni chombo kilichozimika. Ingia katika chumba chenye giza, bonyeza kitufe, kisha umulike kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kwa mbali kivuli cha nembo au cha saa, jua kwamba chombo ki macho na kilichokufa ni taa iliyo nyuma ya kioo, nayo ni kazi ya kubadilisha kioo isiyolazimu kufutwa hata picha moja. Kadhalika kiunganishe na kompyuta kwa kebo. Kompyuta ikilia kwa kukitambua, uhai wake umethibiti.

Njia ya pili ni kuihukumu betri kabla haijapata haki yake. Betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na ambazo Goodenough, Whittingham na Yoshino walitunukiwa kwa ajili yake Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2019, hujaa kwa volti 4.2 hivi na hufanya sehemu kubwa ya kazi yake karibu na volti 3.7. Zikikaribia volti 3, chombo hujizima ili kuzilinda. Kishikwambi kilichosahauliwa kabatini likizo nzima huzidi kushuka chini ya hapo, na siku kinapochomekwa, chipu ya kuchajia haithubutu kuimiminia umeme kwa nguvu betri iliyokauka, kwa kuwa kufanya hivyo ni hatari. Huitilia kidogo kidogo mpaka ipande daraja ya usalama. Muda huo wote kioo chaweza kubaki cheusi, na mwenye haraka huchomoa waya baada ya dakika tano akatangaza msiba. Kipe saa nzima, kwa chaja yenye nguvu ya kutosha na kebo uliyoihakiki kwa chombo kingine, kabla hujakigusa kitufe.

Neno la nguvu ya kutosha lina hesabu yake. iPad ya kwanza ilikuwa na betri ya saa-wati 25 na chaja ya wati 10. Tundu la USB la kawaida la kompyuta ya wakati ule lilitoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5, hivyo aliyetegemea tundu hilo alihitaji saa kumi na zaidi, tena kioo kikiwa kimezimwa. Hesabu hiyo haijafutika. Chaja ndogo ya simu ya zamani, au paneli ndogo ya jua siku ya mawingu, yaweza kukilisha kishikwambi usiku au mchana kutwa na asubuhi kikaonekana hakikula kitu.

Kisha litazame tundu lenyewe. Chomoa waya, elekeza mwanga ndani, na kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si sindano wala pini, kokoa kwa upole nyuzi za mfukoni na mchanga vilivyogandamana chini kabisa. Mara nyingi hutoka kipande kama kitambaa kilichosokotwa, na kichwa cha waya ambacho jana kilikuwa kikilegea leo huingia mpaka mwisho na kukaa imara. Ukiona kwamba ulimi mwembamba ulio katikati ya tundu umepinda au umevunjika, acha hapo, maana hilo lataka fundi mwenye kuchomelea.

Ikiwa saa imepita na kiza ni kilekile, imebaki tiba moja isiyo na madhara, nayo ni kuwasha upya kwa kulazimisha. Chombo chaweza kuwa macho ila akili yake imeganda, na kwa kuwa betri ya kishikwambi haichomoleki kwa ukucha kama za simu za zamani, watengenezaji waliweka njia ya kukianzisha upya kwa vitufe. Kwa vingi vya Android ni kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kupunguza sauti kwa muda wa sekunde thelathini hivi. Kwa iPad yenye kitufe cha mwanzo ni kushikilia hicho pamoja na cha juu mpaka nembo itokee. Na kwa iPad isiyo na kitufe cha mwanzo, hubonyezwa na kuachiliwa upesi kitufe cha sauti kilicho karibu na cha juu, halafu kile kilicho mbali nacho, halafu hushikiliwa cha juu mpaka nembo itokee. Tendo hili halifuti data iliyohifadhiwa, basi halina sababu ya kuogopwa.

Kituo cha pili ndicho mafundi wa mitaani wanachokiita kuganda kwenye logo. Nembo ikitokea na kubaki, mengi yamekwisha kuthibiti: betri inatoa, prosesa ni nzima, programu ya kuwashia imesomeka. Ila iko mbele ya hapo, na sababu zake mashuhuri ni tatu. Ya kwanza ni sasisho la mfumo lililokatizwa katikati, chaji ikaisha au mwenyewe akazima kwa kuchoka kungoja. Ya pili ni hifadhi iliyojazwa video mpaka mfumo ukakosa nafasi ya kuandika mambo yake wenyewe. Ya tatu ni uchakavu wa chipu ya hifadhi, ambayo seli zake huvumilia kuandikwa na kufutwa mara zenye kikomo, na katika vishikwambi vya bei ya chini chipu hiyo haikuwa bora tangu mwanzo. Dhidi ya sababu ya kwanza, Android 7.0 ya mwaka 2016 ilileta utaratibu wa kuweka nakala mbili za mfumo, moja ikitumika na nyingine ikisasishwa, ili sasisho likiharibika chombo kirejee nakala ya zamani. Lakini si kila kiwanda kiliufuata utaratibu huo.

Tiba za kituo hiki zina daraja. Ya kwanza ni subira, kwa maana baada ya sasisho kubwa mwanzo wa kwanza waweza kuchukua robo saa, mfumo ukizipanga upya programu zote. Ya pili ni kuwasha upya kwa kulazimisha. Ya tatu ni kuitoa memori kadi na laini ya simu kisha kuwasha tena, kwani kadi iliyoharibika huweza kuukwamisha mfumo unaojitahidi kuisoma. Na chombo kikiwaka baada ya kutolewa kadi, mkosaji amejulikana bila gharama.

Ya nne ni kuingia katika sehemu ya matengenezo, ambayo takriban kila kishikwambi cha Android kinayo. Chombo kikiwa kimezimwa, hushikiliwa kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, ingawa viwanda hutofautiana katika jambo hili, na baadhi ya Samsung za karibuni hukataa mpaka chombo kiwe kimeunganishwa na kompyuta kwa kebo. Hutokea orodha ya mistari ya Kiingereza yenye herufi ndogo, ambayo hushukwa na kupandwa kwa vitufe vya sauti na kuchaguliwa kwa kitufe cha kuwashia. Hapa ndipo penye hatari kuu, kwa sababu mistari miwili hufuatana na kufanana: ule wenye neno cache hufuta akiba ya muda tu ya mfumo na hauzigusi picha wala nyaraka, na ule wenye maneno factory reset hufuta kila kitu alichokiweka mwenye chombo. Sogeza polepole, soma mara mbili, na usibonyeze kitufe cha kuthibitisha huku ukizungumza na mtu. Baadhi ya vishikwambi vipya havina mstari wa kwanza kabisa. Asiyeuona asiuchague wa pili kwa kubahatisha.

Kwa iPad njia hupitia kompyuta. Huunganishwa kwa kebo, hulazimishwa kuwaka kwa vitufe vilivyotajwa bila kuviachilia nembo inapotokea, mpaka ionekane picha ya kebo na kompyuta. Kisha kompyuta hutoa hiari mbili, kusasisha au kurejesha. Ya kusasisha hupandikiza mfumo mpya na kujitahidi kuihifadhi data. Ya kurejesha huifuta. Anza na ya kwanza daima. Na wale wenye intaneti ya kusuasua wajue jambo hili: upakuaji ukizidi dakika 15, iPad hutoka yenyewe katika hali hiyo, na wengi hudhani kazi imeshindikana. Uache upakuaji umalizike, kisha urudie hatua za vitufe.

Kituo cha tatu ni mzunguko: nembo yatokea, yazimika, yatokea tena, na hivyo hivyo bila mwisho. Dalili hii hutoka kwa wazazi wawili wasiofanana, umeme na mfumo, na njia ya kuwatenganisha ni kutazama tu, bila kubonyeza chochote, mizunguko kadhaa mfululizo. Ikiwa kila mara hukatika mahali pamoja, tuseme picha inayochezacheza ikianza, ushuku mfumo na ukitibu kama kituo cha pili. Ikiwa mara hukatika mapema, mara huchelewa, na hasa ikiwa kwa chaja huendelea mbele kuliko bila chaja, ishuku betri iliyozeeka, ambayo hutoa volti nzuri ikiwa imepumzika na kuporomoka mara prosesa inapodai nguvu. Kabla ya yote vua kasha la kukilinda chombo, kwani kasha linalobana huweza kukikandamiza kitufe cha kuwashia, na kitufe kinachoshikiliwa daima hukiamuru chombo kijizime daima. Na ukiona kioo kimeinuka pembeni au mgongo umetuna, betri imevimba: usiichaji, usiikandamize, usiitoboe, kiweke chombo mbali na vitu vinavyoshika moto, na ukipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Kituo cha nne si kigumu. Chombo hufika uso wa mwanzo, kisha huganda au huanguka. Hapa mfumo ni mzima na mkosaji aghalabu ni programu iliyoingizwa karibuni, au hifadhi iliyojaa. Kwa Android kuna hali salama, ambayo huzuia programu zote alizoziongeza mwenyewe: hushikiliwa kwa kidole neno la kuzima linalotokea kiooni mpaka liulizwe swali, au hushikiliwa kitufe cha kupunguza sauti wakati chombo kinapowaka. Kikitulia katika hali hiyo, hamisha kwanza unachokipenda kwenda mahali pengine, kisha ondoa programu moja moja ukianzia na ya mwisho kuingizwa.

Yote haya yakishindikana, hubaki kufuta chote na kukirudisha chombo katika hali ya kiwandani, na hapo msomaji ajiulize maswali mawili kabla ya kuridhia. La kwanza, je, data ina nakala mahali pengine? Asije akaamini ahadi kwamba picha zitaokolewa baadaye kwa kuichomoa chipu ya hifadhi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 vishikwambi vingi huandika data kwa siri isiyosomeka nje ya chombo, na iPad ni vivyo hivyo, hata kufutwa kwa ufunguo ni kufutwa kwa yaliyomo. La pili, je, anayo barua pepe na nywila ya akaunti iliyomo? Apple tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Google tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, waliweka kufuli ya kumkomesha mwizi: chombo kilichofutwa kwa njia hii hudai akaunti ya kwanza kabla ya kukubali kutumika. Kufuli hiyo haimjui mwizi wala mwenyewe aliyesahau. Na ikiwa kishikwambi ni cha ofisi au cha shule, akaunti yaweza kuwa ya mwajiri, basi mwalimu asikifute kabla ya kupata idhini na msaada wa wahusika.

Yamebaki machache ya kusema juu ya fundi. Fundi stadi naye hutafuta mahali pa kukwama, ila yeye ana macho mengine. Huondoa betri, na mahali pake akaunga mashine ya kutolea umeme yenye kipimo cha ampea, kisha hubonyeza kitufe huku akikitazama kipimo. Kikibaki sifuri, kitufe au njia ya umeme imekatika. Kikiruka kabla ya kitufe kubonyezwa, mna shoti katika sakiti. Kikipanda kidogo na kuganda palepale, prosesa imeamka lakini pengine haipati la kusoma, na shaka huangukia chipu ya hifadhi au programu ya kuwashia. Kikipanda na kushuka kwa mawimbi, mfumo unajaribu kupanda. Fundi wa namna hii akikuambia bei, anajua anauza nini. Lakini yule ambaye neno lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza chombo kilikwama vipi, ni kwamba kitapigwa flashi, muulize faili ya mfumo atakayoitia ni ya modeli gani, na uilinganishe na namba iliyochapwa mgongoni mwa chombo, kwani programu ya kuwashia ya modeli nyingine huweza kukiua kishikwambi ambacho kilikuwa kimeugua tu.

Msomaji ambaye kishikwambi chake hakijakwama bado ana nafasi iliyo bora kuliko maarifa yote ya sura hii. Leo hii na azitoe nakala picha na nyaraka zake na kuziweka katika chombo kingine, aiandike barua pepe na nywila ya akaunti yake katika daftari linalokaa nyumbani, asiache hifadhi ikajaa, wala asikubali sasisho la mfumo chaji ikiwa chini ya nusu na umeme wa mtaa ukiwa wa kukatikakatika. Aliyefanya hayo, siku chombo chake kitakapokwama, atakuwa na hasara ya kishikwambi tu.